Namba Ambayo Mama Dhoruba Hakuisoma

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Katika chumba kidogo juu ya ghala la barafu, mama wa miaka hamsini na mbili anaisubiri kompyuta imalize kupakua utabiri wa hali ya hewa. Mtandao unasuasua. Ramani inafunguka kipande kipande: kijani, njano, kisha doa jekundu upande wa kusini.

Ananakili namba kwenye daftari, anazilinganisha na za jana jioni, kisha anabonyeza kitufe cha redio.

"Manahodha, habari za asubuhi. Upepo wa kusini, kilomita ishirini na tano kwa saa. Wa ghafla, hadi arobaini. Narudia: wa ghafla, hadi arobaini."

Namba hiyo ya pili ndiyo aliyoiacha siku moja, miaka minne iliyopita.

Bandarini wanamwita Mama Dhoruba. Kila alipotangaza upepo mkali, mashua za matanga zilibaki gatini, na mara nyingine bahari ilishinda imetulia kama maji ya mtungini. Mabaharia hulipwa kwa safari. Asiyetoka hana chake. Wakanung'unika. Aliyeongoza masihara alikuwa nahodha mmoja mcheshi, mume wa mdogo wake.

"Shemeji, wewe ukiona wingu moja unatukatia sanda," alikuwa akimwambia, na gati zima linacheka. Naye alicheka nao, ingawa maneno yalimchoma.

Wiki ile ya miaka minne iliyopita alitangaza hatari siku tatu mfululizo, na zote tatu hakikutokea kitu. Siku ya nne utabiri ulionyesha upepo wa kilomita ishirini na nane, wa ghafla hamsini na tano. Alisoma namba ya kwanza, akaishia hapo.

"Sikukosea kusoma," anasema. "Niliiona. Nilikuwa nimechoka kuchekwa."

Shemeji yake alipandisha tanga lote. Adhuhuri upepo ukawashukia, mlingoti ukakatika, mashua ikapinduka. Mabaharia wanne waliokolewa na meli ya mizigo iliyokuwa ikipita. Nahodha hajaonekana hadi leo.

Ikaandikwa kuwa ni ajali. Daftari la mama huyo, lenye namba zote mbili, hakuna aliyelifungua. Kwa miezi saba alikula sahani moja na mdogo wake mjane huku akiificha siri hiyo, ndipo akamwambia. Mdogo wake aliendelea kuchambua mchele mpaka ukaisha, kisha akauliza jambo moja tu: "Dada, ningekuwa mimi chomboni, ungeinyamazia namba hiyo?"

Wiki hiyohiyo alihamia kwa wakwe zake. Huja mara mojamoja, husalimia, hukaa karibu na mlango.

Baadaye mama huyo alisimama gatini akawaeleza mabaharia wote. Wapo walioacha kumsikiliza. Nahodha mmoja mkongwe alimwambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki, ila mtungi bado uko mikononi mwake.

Sasa kila Jumamosi mchana anawafundisha manahodha kuupata utabiri kwenye simu zao na kuusoma wenyewe. Kumi na mmoja wameshaweza. Wamebaki ishirini na mmoja.

"Sitaki tena roho ya mtu itegemee ulimi wangu," anasema. "Wakishajua wote, nitaacha kazi hii. Nitakwenda kwa mdogo wangu. Sijui kama atanifungulia, lakini hodi nitapiga."