Gari la Kuvuta Tela

Shemeji yangu, mume wa dada, fundi viatu, hanunui kitu bila kukijaribu. Alipotaka gari la kuvuta tela lao la kulala porini, alilifunga tela hilo nyuma ya kila gari aliloonyeshwa, akapanda kilima cha sokoni, mwisho akachagua kadogo kasikokula mafuta.

“Shemeji, umejaribu tela likiwa tupu,” nikamwambia. Akanicheka.

Siku ya safari dada akapakia magodoro, jiko, masufuria, na mama yetu akakaa kiti cha mbele. Nusu ya kilima, tela likaanza kuvuta gari kurudi sokoni. Shemeji akakanyaga breki, tukaruka nje kuzuia magurudumu kwa mawe. Mama hakutikisika.

“Mama, tunaomba ushuke kidogo, gari limelemewa,” shemeji akasema kwa adabu zote.

“Mkwe wangu, ulipomwoa binti yangu ulijua ana mama. Sukuma.”