Kishikwambi cha Salma

Leo mdogo wangu Juma amerudi kutoka chekechea akisimulia vishikwambi walivyoletewa, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kwa binamu yangu Salma, kule mtaa wa Ng'ambo. Sebule ilinukia udi. Kila Salma alipogusa herufi sahihi, kishikwambi chake kilisema, "Hongera, Salma!" Kwetu hakikuwepo hata kimoja.

Zamu yangu ilipofika, nikakiamkia kwanza: "Shikamoo."

Salma akagaragara mkekani kwa kicheko. "We Mwaju, hicho hakiitikii!"

Nikagusa herufi, nikapatia. Kikasema, "Hongera, Salma!"

Nililia njia nzima hadi nyumbani, mtaa wa Ipuli, nikiamini kinampenda yeye tu. Sasa najua kiliwekewa jina lake. Lakini Juma aliponiambia, "Dada, leo kimenitaja mimi!", kabla ya kumpa hongera nilimuuliza kama kimewataja na wenzake wote.