Siku Ezekieli Alipogawa Mbegu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo chetu cha afya cha Ujiji, alinikabidhi ufunguo wa chumba cha mwisho kwenye korido. "Kaa humo, Sista," akaniambia. "Wagonjwa wako wataletwa wamefungwa kamba." Nilikaa wiki mbili, na kweli wakaletwa wawili, wamefungwa kamba. Nikaona hata wakubwa wangu hawaijui kazi ya muuguzi wa afya ya akili, nikaamua kuwafundisha. Sikuwa mpole wakati ule, na hata sasa upole wangu ni wa kutafuta.

Miaka ikaenda, nikahamishiwa Mwandiga, na huko ndiko ukame ulikonikuta. Mahindi yalikauka ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Nikamwomba Mratibu wa Afya ya Akili wa wilaya pikipiki ya huduma ya mkoba, yaani kuwafuata watu vijijini badala ya kuwasubiri kituoni.

"Wakulima hawaumwi, Sista," alisema. "Wana njaa."

"Kwani mwenye njaa haumwi, mkuu?"

Pikipiki nikapewa.

Vijijini sikulitaja neno sonona. Hiyo ni huzuni isiyoondoka: usingizi unakimbia, chakula hakipiti, na mtu anajilaumu hata kwa jua kuwaka. Niliuliza habari za shamba kwanza, kisha za usingizi. Wanaume walijibu kwamba wanalala vizuri. Wake zao, waliosimama nyuma yao, walitikisa vichwa.

Ezekieli alikuwa mkulima wa maharage, mtu wa maneno machache. Asubuhi moja alinipokea kwa salamu ya Kiha na bashasha nisiyoizoea. "Mwakeye, Sista! Chukua hii, ukapande kwako Buzebazeba." Akanipa kibaba cha mbegu. Majirani walikuwa wameshapewa za kwao na walikuwa wakimsifu kwa ukarimu. Nikashukuru, nikaondoka.

Nilikuwa nimekaribia lami ndipo akili iliponirudia. Kwetu mbegu ya mwisho haigawiwi. Watu hulala njaa huku imening'inia juu ya meko, kwa sababu anayeitunza anategemea kuwapo mvua ikinyesha. Na mimi, mwenye cheti ukutani, nilikuwa nimesema asante! Niliona aibu, nikageuza pikipiki.

Nilimkuta peke yake shambani, ameketi kwenye tuta. Nikaketi naye.

"Ezekieli, unafikiria kujiua?"

Ninyi wauguzi vijana mtakaosoma haya mnaliogopa swali hilo, mkidhani linampa mtu wazo. Halimpi. Linamtua mzigo.

"Nilipanga iwe Jumapili, watu wa nyumbani wakiwa kanisani," alisema. "Umejuaje?"

"Umenipa mbegu."

Akalia, nami nikalia, ingawa mafunzoni tulikatazwa. Nikamwita kaka yake, tukakubaliana asiachwe peke yake hata saa moja, na kesho yake tukampeleka kwa daktari. Alitumia dawa, nami nilimtembelea kila wiki. Majirani, walipoelewa, walimrudishia mbegu, kila mmoja na kibaba chake. Mvua za msimu uliofuata nazo zilichelewa. Ezekieli alikuwapo akizingoja, akilalamika kama wenzake, na sijawahi kufurahia malalamiko ya mtu kiasi kile.

Mvua hatukuileta sisi, na sikuwahi kumwahidi mtu kwamba itanyesha. Kazi yetu ilikuwa mtu aifikie akiwa hai, na kazi hiyo niliijua.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, hotuba zilipokwisha ukumbini, Ezekieli alisimama bila kuwamo kwenye ratiba. "Mimi nilitaka kufa," alisema mbele ya mchungaji, shehe na shemeji zake. "Sista akaniuliza. Na ninyi ulizaneni." Akatoka nje kupunga upepo.

Mkulima mmoja wa viti vya nyuma, nisiyemfahamu, aliinuka akamfuata. Dirishani niliwaona wamechuchumaa ukutani, yule mgeni ameinamisha kichwa, Ezekieli akimsikiliza. Miguu yangu ilitaka kwenda. Nikaizuia. Nilikuwa nimeshastaafu, na yule mtu alikuwa amefika kwa anayejua kuuliza. Nikabaki kitini, nikala pilau yangu.