Majoho Kumi na Nane

Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Tibirinzi, Chake Chake, na kazi yangu naijua. Mtu akivuka mlango tu, nishajua mabega yake yamekaaje. Futi naivuta kwa kuthibitisha. Lakini kwa miaka mingi nilikuwa na ila inayowaandama mafundi wengi: sikujua kusema siwezi. Mteja akiuliza nguo lini, nilimpa siku anayoitaka yeye. Siku ikifika, nikamwambia njoo kesho.

Vurugu za Idi nimezizoea. Kilichoniweza ni Desemba. Mwaka ule karafuu zilikuwa zimezaa vizuri, skuli zimefungwa, na harusi zikafuatana. Mama mmoja wa Vitongoji aliniletea vitambaa vya harusi ya binti yake: gauni la bibi harusi na sare saba za mashangazi. Wiki hiyo hiyo akaja muuguzi mmoja kutoka bara, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao hapa mjini. Alitaka majoho kumi na nane ya Krismasi, rangi ya damu ya mzee, yenye kola nyeupe.

"Fundi, utaweza?" aliniuliza.

"Kwani mie naanza leo?" nikamjibu.

Ilipofika katikati ya mwezi, nikawa naiogopa simu yangu mwenyewe. Niliilaza kifudifudi chini ya vitambaa, na bado nikaisikia ikitetema. Muuguzi alipopiga, nikamwambia niko Wete, nimefuata nyuzi. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye cherehani. Chakula kilinikinaisha, asubuhi chai kavu, mchana chai kavu. Binti yangu akiniuliza neno namkaripia, kisha najuta, kisha namkaripia tena.

Asubuhi moja nilitandika kitambaa cha sare za Vitongoji, nikakikunja ili nikate mbili kwa pamoja. Nilipoinua vipande, nikaona vyembamba. Nilikuwa nimewakatia mashangazi wawili wanene kwa vipimo vya mwanakwaya mmoja mwembamba, na kitambaa cha kurudia hakikuwepo. Moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa haishuki. Nikasema basi, leo ndiyo siku yangu. Binti yangu akanishika mkono, akanipeleka hospitali.

Aliyekuja kunipima presha alikuwa yule yule muuguzi.

"Wete umerudi lini?" aliniuliza.

Sikuwa na pa kuutia uso. Akanifunga kitambaa cha presha mkononi, akasoma.

"Imepanda kidogo, si ya kukuua. Umekula nini leo?"

"Chai."

"Na jana?"

"Chai."

Akavuta kiti, akakaa. "Niambie kweli. Majoho yetu yamefika wapi?"

Ningeweza kusema yamebaki vifungo tu. Neno lenyewe lilikuwa tayari ulimini. Badala yake nikamwambia, "Sijakata hata moja." Na nilipoanza sikuweza kusita, nikamweleza yote, na harusi ya Vitongoji, na sare mbili nilizoziharibu.

Nilitegemea anifokee. Akafumba macho kidogo, akapumua. "Sawa. Sasa tunajua wawili. Wewe ukikata na kuunga, sisi tukapinda mapindo kwa mkono, haitawezekana?"

Nikamwambia kupinda anaweza yeyote mwenye subira.

"Basi nenda ukale. Na huyo mama wa harusi, mwambie leo, kabla hajakupigia."

Nilikula wali kwa mchuzi wa pweza, sahani nzima, ndipo nikaenda Vitongoji. Mama wa bibi harusi alinikaribisha vizuri, nikakaa kitako, na kabla maji hayajaletwa nikamtolea vile vipande.

"Bi mkubwa, nimeharibu. Gauni la bibi harusi liko salama, nitalileta Jumatano pamoja na sare tano. Kitambaa cha hizi mbili nitakitafuta mimi, lakini sitakudanganya: kuzishona sitawahi. Mpe fundi mwengine."

Alikasirika, na haki yake. "Weye mtu mzima mzima! Harusi iko mlangoni, waniletea matambara?" Alisema mengi, nami sikujitetea. Alipomaliza akampigia fundi mwengine mbele yangu, wakakubaliana. Kisha akanigeukia. "Ungalinambia siku ya harusi, ningalikulaani. Leo nakugombeza tu."

Nilirudi nikawapigia simu wateja wengine wote, kila mmoja nikampa siku ya kweli. Wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao, mmoja hata salamu hakutoa. Niliwaacha waende. Kwa mara ya kwanza mwezi ule niliiona mbao ya meza yangu.

Jumamosi mchana wakaja wanawake sita wa kwaya. Binti yangu aliwatandikia mkeka, akawagawia sindano. Mimi nilikata na kuunga, wao wakapinda huku wakifanya mazoezi ya nyimbo zao kwa sauti ya chini. Mmoja alijichoma kila hatua mpaka nikampa subana avae kidoleni. Ilipoadhiniwa alasiri, kiongozi wao, yule muuguzi, aliinua kidole, wakanyamaza wote, mikono ikaendelea. Nikaenda kusali. Niliporudi, majoho mawili yalikuwa yamemalizika.

Gauni na sare tano vilifika Vitongoji Jumatano kama nilivyosema, na majoho yakaondoka siku mbili kabla ya Krismasi. Tangu hapo siku naitaja mimi. Wako wanaochukua vitambaa vyao wakaenda zao, na mimi nawaombea heri.

Siku ya Krismasi wanakwaya walipita mbele ya mlango wangu wakielekea kanisani, majoho yamewakaa barabara. Isipokuwa la yule wa mwisho: pindo lake lilikwenda kombo kama njia ya kaa. Mkono uliniwasha. Muuguzi akavuka barabara kunisalimia.

"Presha?"

"Haijambo. Ila yule wa nyuma, pindo lake..."

"Usianze," alisema, akacheka, akawakimbilia wenzake.

Nikafunga mlango mapema, nikaenda kula biriani kwa dada yangu.