Nilipika asparaga kwenye posa, wageni wakaulizia makoti yao

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mpaka sasa sijalielewa vizuri.

Asubuhi moja pale Louisville, huku Marekani, niliamka nikaifikiria kazi yangu ya warehouse, nikasema leo siendi. Nikabeba begi, nikapanda basi la kwanza lililokuwa linaondoka. Plan sikuwa nayo. Shule niliishia darasa la sita Kigoma, ila kuuliza sijaacha.

Basi likanifikisha Columbus. Nikapata kazi ya kuosha vyombo kwenye jiko la hoteli.

Hapo nikamwona chef akipika asparaga, zile mboga za vijiti vya kijani zinazoletwa baridi ikikatika. Anazipitisha kwenye maji ya moto kidogo tu, anazitupa kwenye barafu, kisha anapanga chache kwenye sahani kubwa na njegere, figili na limao. Inaitwa starter, inatangulia chakula chenyewe. Nilimuuliza maswali hadi akanikimbia.

Columbus nayo ikanichosha. Mkongo niliyekuwa nalala kwake akasema mama yake mdogo anapangisha chumba Buffalo. Nikaenda bila kupiga simu.

Huyo mama mdogo, Mama Furaha, alifungua mlango ameshika mwiko.

"Chumba iko. Lakini leo niko na wageni, banakuja kuposa Furaha. Unajua kupika?"

Furaha, binti yake, akadakia kwamba anataka starter, kama kwenye party za wenzake wa kazini. Nikasema hiyo naiweza. Nilitaka kitanda, ndiyo, lakini pia nilitaka kujaribu.

Nikanunua asparaga, nikazipika, Mama akaonja. "Kijana, hii haiyaiva. Inalia mu meno."

"Mama, that's how they eat it," Furaha akasema.

"Bon. Wageni bakikasirika, wewe utatafuta kwingine kwa kulala."

Wazee wa upande wa mwanaume wakaja kutoka Lackawanna, mji wa jirani, suti safi. Nikawawekea sahani. Wakala kidogo. Mkubwa wao akaweka uma chini, akafunga kwa sala fupi, akasimama.

"Mama, jibu tumelisikia. Hatuna kinyongo. Makoti yetu iko wapi?"

Nilidhani ni utani. Hakuna aliyecheka. Furaha machozi yalikuwa yanamlenga, na mimi nimesimama pale na limao mkononi.

"Jibu gani, baba?" Mama akauliza.

"Tulikuja kuomba mutoto, mumetupa majani mabichi bila nyama. Donc, basi, munasema turudie njia yetu."

Mama hakubishana. Aliingia jikoni, akarudi na sufuria nzima ya mbuzi, akaitua juu ya kitambaa cheupe cha meza alichotandika Furaha.

"Na hii ni nini?"

Mzee akachungulia. Akakaa. "Bon. Tulikuwa tunaharakisha."

Kicheko kikapita mezani, maongezi ya mahari yakaanza. Furaha ana mchumba rasmi sasa.

Kinachonichanganya: mzee yuleyule, mfupa mkononi, aliniita pembeni akauliza kama yale majani yamebaki.

Sasa wakuu, nilikosea au sikukosea? Nilichojifunza ni kwamba sahani ya kwanza huongea kabla ya mwenye nyumba. Mnaojua posa za Kivu, huko Kongo wanakotoka hawa, au mliowahi kupikia wakwe huku ughaibuni, niambieni mngeanza na nini.

Naandika nikiwa kitandani, ghorofani kwa Mama Furaha. Alinipa blanketi, akasimama mlangoni.

"Kesho utanifundisha ile majani," akasema. "Lakini mbele ya wageni, mbuzi inatangulia."