Ubani Ndani ya Garimoshi

Hasira hii nimekaa nayo tangu miaka ya hamsini, na sioni sababu ya kuiacha leo.

Nilikuwa fundi wa redio pale Ngamiani. Mzungu mmoja wa shamba la mkonge, akirudi kwao, alinipa garimoshi la kuchezea la umeme pamoja na reli zake, tukabadilishana kwa redio. Lilitoa moshi wa kweli. Ndani ya bomba la moshi mlikuwa na kikopo chenye waya mwembamba wa kupasha joto. Unatia matone matatu ya mafuta yake, si mawili, si manne, likizunguka moshi unapanda. Mafuta yakikauka unazima, la sivyo waya unaungua. Nilihesabu matone yakiingia, kisha nikayahesabu tena kwa kuitazama chupa.

Mimi na mwenye duka mmoja wa Kihindi tulivutana siku nne, tukapatana: yeye anipe cherehani nimpelekee mke wangu, mimi nimpe garimoshi la kuweka dirishani. Sharti lake moja tu: moshi utoke.

Siku moja kabla ya kukabidhiana, shangazi yangu akaliazima. Alikuwa na wageni wa posa. Nikamfundisha kuwasha na kuzima. Mafuta nikatia mwenyewe.

Nilipolifuata, nyumba nzima ilinukia ubani.

"Moshi wako haukuwa na harufu, mwanangu," akasema. "Nikautilia ubani. Wageni wamefurahi hao!"

"Shangazi, hiki ni chetezo cha kufukizia ubani?"

"Si kinatoa moshi?"

Ubani ulikuwa umeyeyuka, ukaganda juu ya waya kama gundi. Nikausugua kwa spiriti na ncha ya sindano, pumzi nimeibana. Waya ukakatika.

"Basi mwite fundi," akasema.

"Fundi ni mimi!"

Kesho yake mwenye duka aliliendesha mizunguko miwili juu ya meza. Akainama, akanusa bomba.

"Gari zuri, bwana fundi. Limetoka maulidini? Moshi uko wapi?"

Nikamwambia waya unaweza kuagizwa. Akasema basi na cherehani inaweza kungoja, akaifunika kwa kitambaa chake, taratibu, huku akinitazama.

Nikarudi na gari kwapani. Shangazi alikuwa barazani. Nikapita bila shikamoo, mara ya kwanza maishani mwangu.

"We! Hunioni?"

"Nakuona," nikasema, nikaendelea kutembea.