Umeme wa Watu

Iko siku moja ya joto ambayo siisahau, mwanangu, ingawa kama ningepewa ruhusa ya kuifuta siku moja tu katika maisha yangu, ningeifuta hiyo. Ilikuwa Ijumaa, watu wamekwisha kurudi kutoka msikitini, na sisi wapangaji wa nyumba ya Bi. Khadija kule mtaa wa Muaither, Doha, tumekaa sebuleni juu ya zulia, tunamtafuta anayekula umeme wa nyumba. Aliyekuwa akiula nilikuwa mimi. Na mimi ndiye niliyemtaja mwingine.

Nakueleza haya kwa kuwa umeniuliza. Umefika Doha juzi, kazi umepata, na swali lako la kwanza kwangu halikuwa wapi panauzwa unga wa sembe. Uliniuliza kama ni vizuri kuweka akiba kwenye dhahabu, na kama ni kweli kwamba mtu mdogo naye anaweza kununua mashine akachimba sarafu za mtandaoni. Nitakujibu. Ila jibu langu lina mzunguko, nivumilie.

Mimi niliingia mji huu nikiwa mtu mzima. Kwetu Muheza nilikwisha kuolewa, nikazaa, nikaachika. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwa utoto. Lakini ugenini kila mtu huanza kutambaa upya, na ujana wangu wa huku ndio ulionikuta bila akili. Nilikuwa nafanya kazi kwenye hoteli moja West Bay, chumba cha mashuka na taulo, chini kabisa ambako wageni hawafiki. Mshahara ukitoka, baada ya kutuma nyumbani, kilichobaki nilikwenda nacho soko la dhahabu nikanunua kitu chembamba: hereni, pete, siku nyingine mkufu wa mtoto.

Aliyenifundisha kufanya hivyo ni Bi. Khadija mwenyewe. Alikuwa mtu wa Unguja, mwenye umri wa mama yangu, amepika katika majumba ya watu huku kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyekodi nyumba ile kubwa na kutugawia vyumba, sisi wanawake wa Tanzania na Kenya, na bili ya umeme tuliigawana sawasawa. Alikuwa akisema dhahabu ya maskini si ya kuichezea, ni ya kuilalia. Nunua, funga kitambaani, isahau, mpaka siku ya ugonjwa au ya mtoto kwenda shule. Akiba haiozi, alisema.

Nilimsikia kwa masikio, moyo ukabaki kwenye simu. Niligundua kwamba bei ya dhahabu mtu anaweza kuitazama hapo hapo kiganjani, ikipanda na kushuka kama homa. Basi nikawa nauza ikipanda, nasubiri ishuke ninunue tena. Nikajiita mfanyabiashara. Kitu ambacho sikukiweka maanani ni kwamba sonara akikuuzia anakutoza uzito pamoja na kazi ya mkono wake, na akinunua kwako anapima uzito peke yake. Kila nilipojiona mjanja, ile kazi ya mkono ilibaki dukani. Bei ilipanda mwaka ule, mwanangu, na bado kitambaa changu kikawa chepesi kuliko nilipoanza.

Mtu mwenye busara angesimama hapo. Mimi nikatafuta cha haraka zaidi. Mfa maji haachi kutapatapa.

Hotelini kulikuwa na kijana Mkenya wa kompyuta, Mutua, aliyekuwa anajiandaa kurudi kwao. Alikuwa na mashine mbili za kuchimba sarafu, akataka kuziuza. Alinieleza taratibu, nami nikajitia kuelewa: mashine inapiga hesabu ngumu bila kupumzika, na kwa kazi hiyo inalipwa vipande vya sarafu mtandaoni. Haili, haiugui, haiombi likizo. Inataka umeme tu.

Lile neno "tu" nililipita kama mtu anavyolipita jiwe dogo njiani. Nilipeleka kitambaa chote kwa sonara, nikarudi na pesa, nikanunua mashine zote mbili. Bangili moja tu niliibakiza.

Uani kwa Bi. Khadija kulikuwa na stoo ndogo ambamo tuliweka masanduku ya mizigo ya kupeleka nyumbani. Nilimwambia nimenunua friji mbili kuukuu za kumpelekea dada yangu Tanga, akaniruhusu kuziweka humo. Mashine zile zina kelele, lakini mitambo ya viyoyozi nayo imepangwa uani hapo hapo, inavuma mwaka mzima, nani angetofautisha? Nikavuta waya, nikafunga mlango kwa kufuli yangu. Kila nikienda kazini nilifungua simu kwenye basi nikatazama vile vipande vikiingia, vidogo kama punje za ulezi, na moyo ukafurahi. Nilijiona nimewapita wenzangu wote.

Sasa nikujulishe Atieno. Alikuwa binti wa Kisumu, chumba chake kilitazamana na changu. Alikuwa anamtunza bibi mmoja mgonjwa mtaa wa pili, anakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Siku yake ya mapumziko alikuwa anapika chapati kwenye jiko la umeme na kuwauzia Wakenya wenzake waliozikosa. Pesa hizo zilikuwa za karo ya mdogo wake. Na kila alipopika alitutengea sisi wa nyumbani sahani iliyofunikwa. Hakuwahi kusahau.

Joto lilipoanza kupanda, swichi kubwa ya nyumba ikawa inajikata. Tunakaa gizani tunatota jasho, inawashwa, inajikata tena. Kisha bili ikaja, Bi. Khadija akaisoma. Ndipo akatuita ile Ijumaa.

Hakugomba. Aliuliza kwa upole kama kuna mtu ana kitu kinachokula umeme kuliko kawaida, aseme, lizungumzwe, liishe. Mlango wa toba aliuacha wazi kabisa, mwanangu. Ningeweza kupita bila hata kuinama. Wenzangu wakatazamana. Mmoja akasema pengine viyoyozi vimechakaa. Mwingine akasema hajui. Nami, kwa kuogopa kwamba kimya changu kitasikika, nikafungua mdomo.

Nikasema, "Simsingizii mtu, lakini jiko la Atieno huwaka tangu asubuhi."

Maneno hayo tu. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa. Watu wote waligeuka kumtazama yule mtoto. Alijaribu kueleza kwamba anapika siku moja kwa wiki, lakini hasira ya joto na ya bili ikawa imekwisha kupata pa kutua. Ikaamuliwa aondoe jiko. Akasema hawezi, maana ndilo linalomsomesha mdogo wake, na kama jiko haliruhusiwi basi atatafuta pengine pa kukaa.

Siku aliyohama alipika kwa mara ya mwisho, akatugawia wote, hata waliompinga. Nilikaa naye jikoni. Nilikula. Nikamwambia avumilie, maisha ya ugenini ndivyo yalivyo, Mungu atamfungulia. Nikamsaidia kubeba begi mpaka kwenye gari. Sijui ni moyo wa namna gani niliokuwa nao kifuani siku ile. Nimejaribu kuutafuta niuelewe, nimeshindwa.

Alikwenda Al Mansoura, kwenye chumba cha kubanana, na kazini ikawa sasa anapanda mabasi mawili.

Wewe unajua kitakachofuata. Kikulacho ki nguoni mwako. Swichi ikaendelea kujikata, na safari hii hakukuwa na jiko la kulaumu. Mchana mmoja umeme ukazimika moja kwa moja na harufu ya kuungua ikatoka uani. Mwenye nyumba akaleta fundi. Fundi alifuata waya ukutani kwa kidole, pole pole, mpaka kwenye mlango wa stoo, akaomba ufunguo. Niliutoa kwenye mkoba wangu mbele ya watu wote.

Alipofungua, joto lilitupiga usoni kama tanuri. Waya ulikuwa umeyeyuka ganda. Fundi aliutazama, akatutazama, akasema kwa Kiarabu chake cha kuokoteza kwamba tumshukuru Mungu, nyumba ilikuwa iungue na sisi tumelala ndani.

Nilitegemea matusi. Ningeyapenda matusi, yangenipunguzia. Bi. Khadija aliwaambia wenzangu waingie ndani, tukabaki yeye na mimi. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, ana unga mikononi. Hakupaza sauti.

"Umeme utalipwa, Mwanaidi," alisema. "Hilo lina dawa. Sasa nenda kamtafute yule mtoto wa watu, ukamwambie kwa kinywa kile kile ulichomsemea."

Nilimwambia, "Bi. Khadija, nitampelekea hela."

Akasema, "Sikusema hela. Nimesema kinywa."

Akarudi jikoni kwake.

Usidhani nilikwenda siku ile. Nilijiambia kwanza niuze mashine, nisiende mikono mitupu. Nikatafuta mnunuzi, na kumbe bei ya sarafu zile ilikuwa imeporomoka, hakuna anayetaka mashine. Mwisho nilimpa mtu wa vyuma chakavu kwa bei ya kuona haya. Vile vipande nilivyovichimba, nilipovitoa, havikufika hata robo ya gharama ya umeme uliotumika. Nikauza ile bangili iliyobaki, nikawalipa wenzangu, mmoja mmoja, huku nikisema nilichofanya. Wengine walinijibu, wengine walipokea wakafunga mlango. Na bado Al Mansoura sikwenda. Woga wangu niliuita maandalizi. Bi. Khadija hakunikumbusha tena. Alinisalimia kila asubuhi, akingoja, na kule kungoja kwake ndiko kulikonitoa.

Siku niliyokwenda, Atieno aliteremka kwenye basi tukakutana mbele ya duka dogo chini ya jengo lao, ametoka kazini, viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Aliponiona alifurahi. Hilo nitaingia nalo kaburini: alifurahi. Akaniuliza hali ya Bi. Khadija. Nikamwambia nimekuja na neno, nikalisema lote hapo hapo tukiwa tumesimama, watu wanapita na mifuko yao ya mboga.

Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akavaa viatu vyake, kama mtu anayetaka kuondoka, lakini hakuondoka.

"Dada Mwanaidi," akasema, "stima ningekusamehe leo leo. Kila mtu hapa anatafuta. Lakini ile siku nilikuwa nahama, ulikaa na mimi, ukakula chapati zangu, ukaniambia nivumilie. Hiyo ndiyo sijui nitaiweka wapi."

Nilimpa bahasha. Alichukua sehemu yake ya bili aliyolipa kwa ajili yangu, na ile niliyomwongezea akanirudishia mkononi. Nikamwambia chumba chake kipo, Bi. Khadija anamngoja. Akasema nimwambie asante, lakini huku amekwisha kuzoea. Alinipa mkono kwa heshima, kama unavyompa mkono mtu uliyemjua zamani, akapanda ngazi.

Tumeonana mara kadhaa tangu hapo, harusini, msibani. Husalimiana vizuri. Sijawahi tena kukaa naye sahani moja. Bi. Khadija amekwisha kurudi Unguja, akamwachia mtu mwingine nyumba, na siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege alinikumbatia wala hakulitaja jambo lile. Nami bado nina haya. Watu husema muda unaponya. Huenda ni kweli kwa aliyejeruhiwa. Kwa aliyejeruhi, muda hukaa tu naye, kama wazee wawili chumba kimoja.

Basi jibu la swali lako ni hili, mwanangu. Dhahabu nunua kama unaweza kuiweka, usiinunue kwa kuiuza kesho, maana mtu mdogo anayekwenda na kurudi kwa sonara anamlisha sonara. Kidogo kidogo hujaza kibaba, lakini kibaba kinachotikiswa kila siku hakijai. Mashine za kuchimba sarafu sitakwambia ni haramu wala halali, mimi si shehe. Nitakwambia jambo moja: ukiambiwa faida hii haina gharama ila kitu fulani "tu", simama uulize hicho kitu kinatoka kwa nani. Hakuna kinachochimbwa bila shimo, na mara nyingi shimo liko uani kwa mwenzio. Faida usiyoweza kuitaja mbele ya wale unaokula nao, iache.

Na la mwisho, ambalo ni zito kuliko dhahabu yote ya soko lile. Ukiwa umekosa, na watu wakaulizwa kosa ni la nani, usilitafutie jina la mwingine. Hasara ya mali hulipika. Nimelipa yangu yote, hakuna anayenidai. Lakini neno ulilomtupia asiye na hatia halirudi, hata ukilifuata kwa magoti. Na ukishachelewa kusema kweli, usichelewe mara ya pili kwa kungoja uwe na zawadi mkononi. Nenda mikono mitupu.

Mwenyezi Mungu akupe riziki yenye jina, ambayo ukiulizwa umeipataje hutatazama chini. Akupe majirani wanaokuaminia funguo zao, na akupe moyo wa kustahili kuaminiwa. Na mama yako akiuliza huku unaishi vipi, Mungu akujalie umjibu kwa sauti kubwa. Nenda salama, mwanangu.